Kwa nini shimo la taka halifai kwenye maweni, na taka za kijiji ziende wapi

Ushauri uliozoeleka kuhusu taka za nyumbani kijijini ni mfupi: chimba shimo, tupa humo, likikaribia kujaa lifukie, kisha uchimbe jingine. Kwa mtu wa Morogoro au Kakamega, mwenye udongo wa mita kadhaa chini ya nyayo zake, ushauri huo si mbaya sana. Kwa mtu wa Jambiani, Makunduchi au Nungwi kule Unguja, au Micheweni kule Pemba, unaharibu maji anayokunywa.

Maweni ni mwamba wa matumbawe ya kale uliobaki juu bahari iliposhuka. Udongo wake ni wa mifukoni, umejikusanya kwenye vishimo vya jiwe, na mara nyingi jembe halizami hata shubiri moja kabla ya kugonga mwamba. Mwamba wenyewe umejaa matundu, nyufa na mapango. Mvua ikinyesha haitengenezi mto, inatoweka chini. Huko chini maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo. Wataalamu wa maji hutumia kanuni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 nyingine chini yake. Ukisikia hivyo unadhani ni akiba kubwa. Lakini karibu na ufukwe maji hayo huwa yamepanda sentimita chache tu, kwa hiyo tabaka lote ni la mita chache, na kisima kinateka humo humo.

Sasa weka shimo la taka juu yake. Kwenye udongo mzito, maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka hushuka polepole, vijidudu hufa njiani na sehemu ya uchafu hunaswa na udongo. Kwenye maweni hakuna wa kuyanasa. Yakiingia kwenye ufa yanaweza kufika kisimani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ile kanuni ya kuacha mita 30 kati ya shimo na kisima, inayonukuliwa kila mahali, haina dhamana yoyote hapa: mita 30 za udongo ni kichujio, mita 30 za ufa ni bomba. Na kutupa taka pangoni, kwa sababu pango ni shimo ambalo halikuhitaji kuchimbwa, ni kosa kubwa kuliko yote, maana mengi ya mapango hayo ndiyo yaliyokuwa visima vya wazee.

Si kisiwa kizima kilicho hivyo. Magharibi na katikati ya Unguja, na sehemu kubwa ya Pemba, kuna udongo wa kina, na huko shimo la taka za mabichi, yaani maganda, makombo na vingine vinavyooza, linavumilika ikiwa kitako chake kinabaki angalau mita 2 juu ya maji hata wakati wa masika. Mahali pa kupimia ni kisima cha jirani mwezi wa Mei, si Januari.

Na moto je?

Kwa kuwa shimo halichimbiki, wengi huchoma. Moto wa jaani, hasa ukiwa na mabichi ndani, haupati joto la maana: unabaki kwenye nyuzi 300 hadi 500 hivi, unafuka kuliko unavyowaka. Matanuri ya kuchomea taka hutakiwa kufikia angalau nyuzi 850, na moshi wake kuchujwa. Katika joto la chini, plastiki yenye klorini, kama mabomba ya maji, maganda ya nyaya na baadhi ya maturubai, hutoa dioksini, kemikali yenye sumu kali. Kisiwani kuna klorini ya ziada ambayo watu hawaifikirii: chumvi. Kamba, nyavu na mabaki ya plastiki yaliyookotwa ufukweni yamelowa maji ya bahari, na chumvi hiyo inaingia motoni nayo. Dioksini haibaki hewani. Inatua kwenye nyasi na mchanga, mbuzi na kuku wanaokula jaani wanaimeza, nayo hujikusanya kwenye mafuta ya nyama na kwenye kiini cha yai. Makuti makavu na karatasi vikichomwa peke yake vina ubaya mdogo zaidi, ingawa makuti yana kazi bora zaidi, kama tutakavyoona.

Ndoo mbili

Nyumba ya watu 6 hutoa kwa kawaida kilo 2 hadi 3 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni mabichi: maganda ya muhogo na ndizi, machicha ya nazi, matumbo na magamba ya samaki, makombo. Yaliyobaki ni makavu. Vikitupwa pamoja kila kimoja kinamharibia mwenziwe. Chupa inanuka samaki na mnunuzi haitaki. Matumbo ya samaki yana vipande vya mfuko na hayawezi tena kwenda shambani. Kuvitenganisha baadaye, jaani, ni kazi ya kukatwa na vigae ambayo thamani ya taka haiwezi kuilipa.

Kwa hiyo jikoni pawe na ndoo ya lita 10 yenye kifuniko kwa ajili ya mabichi, imwagwe kila jioni bila kulaza, na polo, yaani gunia, lililotundikwa ukutani kwa ajili ya makavu. Kinachoingia kwenye polo kisuuzwe kwanza kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo; si lazima kitakate, ila kisiwe na chakula. Miradi hupenda kuleta mapipa ya rangi tano. Nyumba haihitaji rangi tano. Kijiji ndicho kitakachochambua makavu baadaye, mahali pamoja, kwa mtu anayejua mnunuzi anataka nini mwezi huo.

Mboji juu ya ardhi

Mabichi hayafukiwi, yanaozeshwa juu ya ardhi, na hapa maweni yana faida, kwa kuwa mawe yapo tele. Jenga boma la mawe la mita 1 kwa 1, kimo mita 1, upande mmoja uachwe wazi au uzibwe kwa mbao za kuondoa. Kipimo hicho kina sababu: lundo dogo zaidi ya hapo hupoteza joto pembeni kuliko linavyolitengeneza katikati, nalo linakaa miezi bila kuiva. Jenga mawili, moja la kujaza na la pili la kuivisha. Mawe makavu yasiyo na chokaa huacha mianya ambayo panya huigeuza nyumba, kwa hiyo sentimita 30 za chini zikandikwe kwa udongo au chokaa, na mianya ibaki juu kwa ajili ya hewa.

Chini kabisa weka vijiti vya unene wa kidole, sentimita 15 hadi 20, ili hewa iingie kutoka chini. Halafu kila ndoo moja ya mabichi ifuatwe na ndoo mbili za makavu: majani ya mwembe au mkungu, makuti yaliyokatwakatwa kwa panga, maranda ya fundi wa majahazi. Mabichi yana naitrojeni nyingi, makavu yana kaboni nyingi, na vijidudu vinavyoozesha hupenda kaboni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Kipimo cha ndoo moja kwa mbili hukufikisha karibu na hapo bila mizani. Matumbo ya samaki yasiachwe juu hata kwa saa moja. Fukua katikati ya lundo, yatie humo, kisha uyafunike kwa sentimita 30 za makavu.

Lundo likienda sawa, siku ya tatu au ya nne linakuwa moto. Chomeka kipande cha nondo hadi katikati, kiache dakika 10, kichomoe ukishike pale palipokuwa ndani. Kama huwezi kukishikilia, umefika nyuzi 55 au zaidi, joto linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Kama ni vuguvugu tu, kuna kitu hakijakaa sawa, na pua itakuambia. Harufu kali ya kukeketa, kama ya mkojo uliolala, maana yake mabichi yamezidi na naitrojeni inapotea hewani: ongeza majani. Harufu ya yai bovu maana yake hewa haifiki: geuza lundo lote kwa uma wa shamba. Likiwa baridi na halina harufu yoyote, limekauka. Finya konzi moja ya mboji kwa nguvu. Itoke tone moja au mawili. Isipotoka kitu, mwagia maji yaliyooshea mchele. Wakati wa masika tatizo ni kinyume chake, maji yanalizamisha lundo, hivyo paa la makuti juu ya boma si pambo.

Kuna jambo moja ambalo vipeperushi vingi hukosea kwa kisiwa, nalo ni jivu. Vinasema nyunyizia jivu kila tabaka. Udongo wa maweni tayari una chokaa nyingi, na jivu nalo ni la asili hiyo hiyo. Ukiliongeza unafukuza naitrojeni kwa njia ya amonia, na mimea inayooteshwa kwenye mboji hiyo hushindwa kupata chuma na zinki, majani mapya yakawa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Jivu lipeleke chooni, huko linasaidia.

Geuza kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Nzi huhitaji wiki moja hadi siku 10 kutoka yai hadi kuruka, na kugeuza kila wiki huwapeleka mabuu kwenye joto la katikati kabla hawajamaliza. Baada ya miezi mitatu hadi minne mboji huwa nyeusi, inanuka udongo, na kitu pekee unachokitambua ndani ni magamba ya mayai na mifupa. Kwenye maweni haitawanywi shambani, itapotea kwenye nyufa. Inajazwa kwenye vishimo vya mwamba, kimoja kimoja, na humo hupandwa mpapai, mgomba au mchicha. Mwani uliotupwa na mawimbi unafaa kuingia kwenye lundo pia, ila utandazwe kwanza unyeshewe mvua mara mbili tatu ili chumvi itoke.

Nazi inahitaji maneno yake. Machicha yana mafuta, yakiwa mengi lundoni hufungamana na kuzuia hewa. Wape kuku, na yanayobaki yachanganywe na majani mengi. Makumbi hayaozi kwa miezi. Huchukua mwaka na zaidi, kwa hiyo yasiingie bomani. Njia ya zamani ndiyo bora: yafukiwe kwenye mchanga wa pwani unaofikiwa na maji, yakae miezi, kisha yapondwe kutoa usumba wa kusokota kamba. Vifuu ni kuni na makaa mazuri, au upawa na kata. Kilicho hatari ni kifuu kilichoachwa chali, mdomo juu, kikatega maji ya mvua. Mbu anayeeneza dengi hutaga humo na kwenye makopo na matairi, na mayai yake huvumilia ukame kwa miezi mpaka mvua inayofuata. Kuvipindua kila wiki kunatosha kuukata uzao.

Tukiwa bado kwenye wadudu na ndege: kunguru wa India, hawa weusi wenye shingo ya kijivu, waliletwa Unguja miaka ya 1890 kwa tumaini kwamba watasafisha taka za mji. Leo wanakula makinda ya ndege wengine na vifaranga wa kuku, na taka bado zipo. Lundo lenye kifuniko halina la kuwapa.

Makavu na nauli ya bahari

Kwenye makavu swali si kama kitu kinarejelezeka. Karibu kila kitu kinarejelezeka mahali fulani. Swali ni kama thamani yake inazidi nauli ya kukivusha, kwa kuwa viwanda vikubwa viko ng'ambo, na kila kilo hupanda gari hadi bandarini na chombo hadi Dar es Salaam au Tanga.

Chupa ya maji ya lita 1.5 ikiwa tupu ina uzito wa gramu 30 na kitu. Kilo moja ni chupa 30 hivi. Zikiwa hazijakandamizwa, mita moja ya ujazo ya chupa ina kilo 20 hadi 30 tu, na gari lililojaa mpaka juu linabeba hewa. Zikikanyagwa moja moja huku kifuniko kimefunguliwa, ujazo huo huo hubeba mara tatu. Zikifungwa marobota kwa mashine ya haidroli hufika kilo 200 na zaidi. Mradi wowote wa chupa kisiwani ambao haujasema utakandamiza vipi haujaanza kufikiri.

Uchambuzi hufuata namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo. 1 ni chupa za maji na soda. 2 ni madumu na chupa za sabuni. 4 ni mifuko laini. 5 ni ndoo, viti, vifuniko na viroba. Namba ikiwa imefutika, kata kipande ukitumbukize majini na ukizamishe kwa kidole: 2, 4 na 5 huelea, 1 na 3 huzama. Hiyo 3, plastiki ya mabomba, ndiyo adui wa 1. Zinafanana machoni, zote zinazama, lakini namba 1 huyeyushwa karibu na nyuzi 260, joto ambalo namba 3 tayari inaoza na kutoa asidi. Vipande vichache vyake hutia umanjano na kuharibu shehena nzima, na mnunuzi aliyeumizwa mara moja hukata bei kwa kijiji kizima.

Makosa mengine ni ya ghala. Mchanga ndani ya chupa hutia meno ya mashine butu, kwa hiyo wanunuzi hupunguza uzito kwa kukisia, na hawakisii kwa faida yako. Viroba vilivyojaa chupa vikiachwa juani miezi michache husambaratika kuwa vinyuzi, na sasa una taka ndogo zaidi, isiyookoteka, imepeperushwa na upepo wa kusi hadi pwani. Hifadhi kivulini. Na plastiki iliyookotwa ufukweni isichanganywe na ya nyumbani. Jua na chumvi vimekwisha kuilegeza, thamani yake ni ndogo.

Pakiti za biskuti na vipakiti vya sabuni vina tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja. Hazina mnunuzi. Tusidanganyane, hizo ni mabaki.

Njia ya kukwepa nauli ni kutumia kitu hapo hapo kilipo. Lamu walilionyesha hilo mwaka 2018 kwa Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvishwa malapa ya rangi rangi, likasafiri hadi Unguja mapema mwaka 2019. Si kila kijiji kitajenga jahazi, lakini hesabu iliyo nyuma yake ni sahihi: plastiki nene ya namba 2 na 5 ikisagwa na kuyeyushwa kisiwani huwa mbao au samani, na hailipi nauli ya kwenda wala ya kurudi.

Chupa za kioo za soda zina utaratibu wake tangu zamani, kreti na amana, na huo ndio urejelezaji uliofanikiwa kuliko mwingine wowote vijijini. Duka linalouza soda za plastiki badala yake limehamishia gharama hiyo jaani. Kioo kisicho na amana, hasa cha mahotelini, ni kizito na cha bei ndogo. Kipondwe kijaze njia au msingi wa sakafu ya nje. Kwenye zege la nguzo au boriti kisitiwe, maana saruji ina alkali inayoshambulia kioo, chembe zinavimba taratibu, na zege linapasuka baada ya miaka.

Vyuma havina shida ya soko. Sumaku inatosha kuchambua: kinachonasa ni chuma, kopo la soda lisilonasa ni alumini, na makopo 70 hivi ni kilo moja. Mafundi wa sufuria huyayeyusha kwenye nyuzi 660. Kopo lenye tone la maji ndani likitumbukizwa kwenye alumini iliyoyeyuka hurusha madini usoni, hivyo yakausheni kwanza.

Vya kutengwa

Betri za sola na za pikipiki ziuzwe zikiwa nzima, na asidi yake ndani. Kwenye vijiji vya uvuvi kuna tabia ya kuzipasua ili kupata madini ya risasi ya kutengenezea chubwi, vile vizito vya mishipi na nyavu. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, joto la jiko la kawaida, ndiyo maana inaonekana kazi nyepesi. Vumbi lake linabaki uani, mtoto anayetambaa analipeleka kinywani, na madhara yake kwenye ubongo hayarudi nyuma. Chubwi zitengenezwe kwa vipande vya risasi vilivyo safi, mbali na nyumba. Mawe ya tochi yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko, juu, mbali na watoto na mbali na chumvi. Oili chafu ya mashine za boti irudishwe kwenye dumu. Ikimwagwa juu ya maweni imekwenda kisimani.

Pampasi ndizo ngumu kuliko zote. Haziozi, hazichomeki kwa kuwa zimejaa maji, na zina kinyesi. Kinyesi kikung'utwe chooni kwanza, na nepi za kitambaa zitumike mchana mama anapokuwa nyumbani. Hilo peke yake hupunguza idadi yake sana.

Nani anayalipia mabaki

Kinachobaki baada ya hayo yote kinapaswa kuondoka kijijini. Unguja kuna dampo la Kibele, Wilaya ya Kati, na gari la kufika huko linakula mafuta. Miradi mingi ya taka vijijini hufa hapa: wafadhili hununua mapipa, picha zinapigwa, na hakuna aliyepangiwa kuyamwaga. Ndani ya miezi miwili pipa limekuwa kitovu cha jaa jipya. Kabla ya kununua pipa, kamati ya shehia, eneo linaloongozwa na sheha, ijibu maswali matatu kwa maandishi: gari la nani, siku gani, na nani anamlipa dereva. Makusanyo ya mauzo ya chupa na vyuma hayatoshi peke yake kulipa mafuta, kwa hiyo mchango wa kila nyumba unahitajika, mdogo, unaotangazwa pamoja na matumizi yake ubaoni kwa sheha. Watu huacha kuchanga siku wanapoona polo walilochambua likimwagwa kwenye gari moja na mabichi ya hoteli, na hawana kosa.

Kipimo cha kuanzia: pipa moja la lita 200 lenye kifuniko kwa nyumba tano, likiwa na mabaki matupu, yaani pakiti na vitu vilivyovunjika, hutosha mwezi mmoja. Mabichi yakirudi humo linajaa kabla ya wiki kwisha.